Kusoma Polepole katika Lugha Tatu: Anuwai za Ubongo na Nafasi ya Kiswahili huko Kalehe

Utangulizi

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa madaktari na wanasaikolojia, lakini ambalo, kwa maoni yetu, lina mlango wake katika taaluma ya Kiswahili. Nalo ni hali ya watu ambao tangu utotoni ubongo wao hupokea na kupanga habari kwa namna isiyokuwa ya wengi: wenye usonji, wenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uchache wa akili wala wa mafunzo, na wenye upungufu wa umakinifu. Tumechagua kulitazama kutoka Kalehe, teritwari iliyo kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu, katika barabara itokayo Bukavu kwenda Goma. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, huko lugha kadhaa hukutana katika kichwa cha mtoto mmoja, na kwa hiyo ni vigumu kujua kinachomkwamisha ni lugha au ni kusoma kwenyewe. Pili, mtoto asiyeeleweka huko hawezi kuwa na hakika kwamba adhabu yake itakuwa kurudia darasa tu.

Hiyo sababu ya pili ianze kuelezwa. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mtoto anayeonekana wa ajabu, kwa mfano asiyetazama watu machoni, anayezungumza peke yake, au asiyelala usiku, anaweza kuitwa mchawi na jamaa zake mwenyewe. Jambo hili lilienea kiasi cha kuilazimu sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 kuweka adhabu kwa anayemtuhumu mtoto uchawi. Pwani ya Kenya nako, utafiti wa Joseph Gona na wenzake uliochapishwa mwaka 2015 uliwakuta wazazi na wataalamu wakitaja pepo, uchawi na laana miongoni mwa sababu za usonji, sambamba na sababu za kitabibu. Basi jina tunalompa mtoto si jambo la kamusi tu. Mtoto mwenye jina la hali yake ana maelezo. Asiye nalo hutafutiwa maelezo, na yaliyo karibu mara nyingi ni ya uganga.

Mtoto wa lugha tatu

Katika mwambao wa ziwa, kutoka Kalehe yenyewe hadi kuelekea Minova, lugha ya nyumbani ni Kihavu. Upande wa magharibi, kuelekea Bunyakiri, husemwa Kitembo, lugha ambayo Shigeki Kaji aliitungia msamiati katika miaka ya 1980 akiipanga pamoja na Kiswahili cha Zaire ya wakati huo, Kijapani na Kifaransa. Katika nyanda za juu kuna wasemaji wa Kinyarwanda, na Mashi husikika kila palipo na watu waliotoka Kabare. Sokoni, kwenye pirogi na katika magari ya Bukavu lugha ni Kiswahili. Shuleni, baada ya madarasa ya mwanzo, ni Kifaransa, na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazitambua lugha za taifa na lugha za mahali kuwa njia ya kufundishia, lakini kati ya sheria na ubao kuna mwendo.

Mwalimu anapokutana na mtoto wa darasa la nne asiyeweza kusoma mstari mmoja, ana maelezo matatu mkononi, na yote yanaweza kuwa kweli. Huenda mtoto hajui Kifaransa. Huenda hakufundishwa vya kutosha: tangu elimu ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, madarasa yalifurika, na mwalimu mmoja hawezi kusikiliza kila mtoto akisoma. Au huenda ana disleksia. Kwa kawaida mwalimu hachagui hata moja kati ya hayo. Husema, “Huyu ni mujinga,” au kwamba kichwa chake ni kigumu, na mambo yakaishia hapo.

Sisi tunasema kwamba Kiswahili kinaweza kusaidia kuyatenganisha maelezo hayo matatu, na kwamba chombo hicho tunacho tayari bila gharama yoyote. Ili kuonyesha hivyo inatubidi turudi kwenye uhusiano wa herufi na sauti.

Herufi na sauti

Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika. Anayeona *o* husoma *o*, popote ilipo. Silabi zake nyingi ni wazi, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na herufi mbilimbili kama *ch*, *sh* na *ny* ni chache kiasi cha kuweza kukaririwa kwa juma moja. Katika Kifaransa sauti hiyohiyo ya *o* huandikwa kwa namna nyingi: *mot*, *tôt*, *haut*, *eau*. Tena kuna herufi zinazoandikwa zisitamkwe. Katika *ils parlent* herufi tatu za mwisho wa kitenzi ni za macho tu, sikio halizipati. Mtoto asiye na ugumu wowote huchukua miaka kadhaa kuyazoea hayo. Kwa mwenye disleksia, ambaye udhaifu wake hasa ni katika kuunganisha herufi na sauti kwa wepesi, maandishi hayo ni kama mlima wenye matope.

Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha utafiti ambao wanaisimu wa Kiswahili, kwa kadiri tuonavyo, hawajautumia vya kutosha. Waliwalinganisha wanafunzi wa vyuo vikuu wenye disleksia kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao wa nchi zile mbili nyingine. Lakini walipopigwa picha za ubongo wakiwa wanasoma, ilionekana kwamba katika makundi yote matatu sehemu ileile ya upande wa kushoto ilifanya kazi kwa unyonge. Kwa maneno mengine, hali ilikuwa moja, na kilichoifanya ionekane nzito hapa na nyepesi pale ni tahajia ya lugha. Kiitaliano, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa.

Tukiyapeleka hayo Kalehe tunapata mambo mawili. Jambo la kwanza ni la matumaini: mtoto mwenye disleksia akianzishwa kwa Kiswahili atafika kwenye kusoma, ingawa kwa kuchelewa, hali akianzishwa moja kwa moja kwa Kifaransa huenda asifike. Jambo la pili ni la kutahadharisha. Katika lugha za tahajia nyepesi disleksia haijitokezi sana kwa makosa, hujitokeza kwa mwendo. Msomaji hakosei, ila ni mzito. Anaweza kusoma aya nzima ya Kiswahili sawasawa, mwalimu akaridhika, kumbe ametumia muda mara tatu ya wenzake na kufika mwisho akiwa amesahau mwanzo. Kwa hiyo anayetaka kupima kwa Kiswahili na atumie saa, asihesabu makosa peke yake.

Wala tusidhani kwamba wepesi wa tahajia yetu huondoa kila shida. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, katika makala yao ya mwaka 2003 kuhusu makosa ya watoto katika kuandika Kiswahili, walionyesha kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye maandishi ya utaratibu si kazi ndogo. Mfuatano wa konsonanti, ving'ong'o vinavyotangulia konsonanti nyingine, na herufi mbilimbili ni mahali pa kujikwaa.

Kosa la sikio na kosa la mkono

Hapa ndipo mtaalamu wa lahaja anapohitajika kuliko daktari. Kiswahili cha Kivu si Kiswahili cha vitabu vya Dar es Salaam. Mtoto wa Kalehe husema *mutoto*, *muntu*, *mukubwa*. Ukimsomea imla yenye *mtoto* naye akaandika *mutoto*, hakukosea kusikia wala kuandika. Ameandika lugha yake kwa uaminifu. Vivyo hivyo *l* na *r* hubadilishana katika lugha nyingi za eneo hili, na anayeandika *kurara* badala ya *kulala* anatuambia anakotoka, hatuambii hali ya ubongo wake. Anayeandika *totomu*, au anayeandika neno lilelile kwa namna nne katika ukurasa mmoja, huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi; na hata yeye asihukumiwe kwa ukurasa mmoja.

Kwa sababu hiyo hatupendekezi kuchukua jaribio lililotungwa Nairobi au Dar es Salaam na kulipeleka Kalehe kama lilivyo. Njia iliyo salama zaidi ni kutumia maneno yasiyo na maana, yaliyojengwa kwa silabi za kawaida ambazo kila lahaja inazo: *fekalo*, *bumise*, *tokapi*, *ndolashi*. Mtoto hawezi kuyakisia kwa kumbukumbu wala kwa kuzoea lugha, inambidi aunganishe herufi na sauti papo hapo. Asome kwa dakika moja, mwalimu ahesabu aliyoyapata. Mtoto aliyefundishwa herufi, anayesema Kiswahili vizuri, na bado akakwama hapo mwezi baada ya mwezi, ameondoa yale maelezo mawili ya kwanza.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata karatasi. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, wa kugeuza silabi, *kalamu* ikawa *mulaka*, na vijana wa Bukavu nao wana desturi yao ndefu ya kuchezea maneno, ambayo Didier Goyvaerts aliiandikia makala mwaka 1988 akieleza Kindubile cha mji huo. Mwambie mtoto aondoe *ka* katika *kalamu* aseme kilichobaki. Uwezo huu wa kuzikata sauti za neno na kuzipanga upya ndio uliodhoofika kwa wengi wenye disleksia, na hupimika kabla mtoto hajashika kalamu. Mwandishi wa makala haya amewahi kuwauliza wanafunzi wake, kama mzaha, nani alishindwa mchezo kama huo utotoni. Mikono miwili ilinyanyuliwa, na mmoja wao alikuwa mwanafunzi aliyekuwa hamalizi kamwe mitihani ya kuandika.

Si kila tofauti ni ya kuzaliwa nayo

Neno la anuwai za ubongo, ambalo mara nyingi huhusishwa na Judy Singer wa Australia na lililoanza kusambaa mwishoni mwa miaka ya 1990, limeleta mtazamo mpya: kwamba usonji au disleksia ni sehemu ya utofauti wa wanadamu, haifai kuitazama kama maradhi ya kufutwa. Tunaukubali mtazamo huo. Lakini mtu anayeandika kuhusu Kalehe hawezi kuuchukua bila kuongeza neno, kwa kuwa ziwa hilohilo limetoa mfano mashuhuri wa ubongo unaodhurika bure.

Kisiwa cha Idjwi kinaelekeana na mwambao wa Kalehe. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Ubelgiji, miongoni mwao François Delange na A. M. Ermans, walichunguza huko uvimbe wa rovu na ulemavu wa akili unaoandamana nao. Chanzo kilichojulikana kilikuwa ukosefu wa madini ya joto, yaani ayodini. Walichokishangaa ni kwamba ukosefu ulikuwapo kisiwani kote, ilhali rovu lilikuwa jingi mno kaskazini na haba kusini-magharibi. Katika makala ya mwaka 1971 walieleza kwamba kitu katika chakula kilihusika, na muhogo ndio uliotiliwa shaka: sumu iliyomo katika muhogo hugeuka mwilini kuwa kitu kinachozuia tezi kuitumia ile ayodini kidogo iliyopo. Mama akipungukiwa ayodini wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haukui inavyopasa. Dawa yake ni chumvi yenye ayodini, na muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri.

Mtoto wa namna hiyo hakuzaliwa na akili ya aina nyingine ya kusherehekewa, amenyimwa chumvi. Vivyo hivyo utapiamlo mkali, malaria ya ubongo, kifafa kisichotibiwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, yote huacha alama katika kujifunza, na yote yana kinga au tiba. Kuyachanganya na usonji ni kuwadhulumu watu wa pande zote mbili.

Kisha kuna hofu. Mwezi Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliviharibu vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, vyote vya Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Vita vilifika Minova Januari 2025 na Bukavu Februari mwaka huohuo. Mtoto aliyeyaona hayo hatulii darasani, hushtuka, husahau, huangalia dirishani. Ukimtazama kwa juma moja utasema ana upungufu wa umakinifu. Swali la kumuuliza mama yake ni moja: alikuwa hivi kabla? Upungufu wa umakinifu huonekana mapema, kabla ya miaka kumi na miwili, na huonekana nyumbani, shuleni na mchezoni. Matokeo ya hofu yana tarehe. Wapo, bila shaka, walio na yote mawili.

Kuhusu istilahi

Kiswahili kimelipata neno *usonji* kwa hali inayoitwa *autisme* katika Kifaransa, nalo limeenea Tanzania na Kenya. Wako wanaopendelea *tawahudi*, lenye mzizi wa Kiarabu uleule wa *wahedi*, likidokeza upweke. Sisi tunaona *usonji* limeshashika na halina haja ya kupingwa, tena *tawahudi* linabeba wazo la upweke ambalo si kweli kwa wote: wapo wenye usonji wanaotamani sana marafiki, ila hawajui mlango wa kuingilia. Katika Kivu neno *usonji* bado ni geni. Muuguzi husema neno la Kifaransa, na mzazi husikia sauti tupu.

Kinachotusumbua zaidi ni yale maneno ya zamani. *Taahira*, *punguani*, *zezeta* yamo katika kamusi zetu bila onyo lolote au kwa onyo dogo. *Mtindio wa ubongo* hutumika kwa ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo, na vilevile, kwa uzembe, kwa kila mtoto mgumu kueleweka. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wanaoishi na ulemavu imechagua neno la heshima katika Kifaransa; tafsiri yake ya Kiswahili ikitumia *punguani*, itakuwa imevunja sheria ndani ya sheria.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Leo Kanner alieleza watoto wake kumi na mmoja huko Marekani mwaka 1943, ni kweli. Lakini Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 matokeo ya uchunguzi wake katika miji tisa ya Afrika, ikiwamo ya Kenya na Zambia, naye aliwakuta watoto wenye usonji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hakuna sababu ya kudhani kwamba hesabu hiyo iliruka Ziwa Kivu.

Kazini, na chuoni kwetu

Juu ya kazi tutasema machache. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, hufanya kazi usiku kwa taa na kwa sauti za kuitana. Mtu asiyestahimili kelele hatadumu katika pirogi. Lakini kushona nyavu ufuoni, kazi ya jicho na utaratibu, inaweza kumfaa vizuri kuliko mwingine yeyote. Vijiji vimekuwa vikifanya migawanyo ya namna hii bila kuipa jina, na mara nyingi vyema. Kinachoharibu ni pale mtu anapolipwa nusu kwa sababu eti “si mzima”.

Chuoni mambo ni magumu zaidi, maana huko kila kitu hupita kwenye maandishi. Mwanafunzi kutoka Kalehe aliyefaulu kufika Bukavu akiwa na disleksia amepita machujio mengi, na kwa hiyo ni mwerevu; ameishi kwa kusikiliza na kukariri. Sasa anakabidhiwa silabusi ya kurasa mia mbili za Kifaransa siku kumi kabla ya mtihani. Katika vyuo vyetu tuna desturi moja nzuri ambayo wengine hawana, yaani mtihani wa mdomo. Mwalimu mwenye mashaka na karatasi ya mwanafunzi anaweza kumwita na kumuuliza maswali yaleyale kwa mdomo, kwa Kifaransa au, katika idara yetu, kwa Kiswahili. Tofauti kubwa kati ya alama mbili hizo ni habari, wala haihitaji mashine ya picha za ubongo. Kinyume chake, mwenye usonji anaweza kuvunjika mbele ya jopo la walimu watatu wanaomkazia macho, akaandika vizuri ajabu akiachwa na karatasi; huyo na apewe karatasi.

Jambo jingine ni muda. Kuongeza theluthi moja ya saa kwa anayesoma polepole hakumpi maarifa asiyokuwa nayo. Mwenzetu mmoja katika mkutano wa idara alipinga kwamba hiyo ni kuwapendelea wavivu. Tulimjibu kwamba mvivu hatoki chumbani wa mwisho. Na tunaongeza hapa kwamba yeyote anayetaka kujua anaweza kusimama mlangoni mwa ukumbi wa mtihani, aandike majina ya wale wanaonyang'anywa karatasi wakiwa bado wanaandika, kisha aangalie ni wangapi kati yao hujibu vizuri kwa mdomo.